Dondoo muhimu: Simu ikitumbukia majini
Izime papo hapo, hata kama bado inawaka vizuri, kwa sababu umeme ukipita palipo na maji ndipo simu inapoungua. Usiichomeke kwenye chaji eti ujaribu kama ni nzima. Toa laini na kadi ya kumbukumbu, ifute, kisha elekeza tundu la chaji chini na uigongegonge taratibu kwenye kiganja. Iache kivulini penye upepo, siku nzima au zaidi. Mchele wa kuifukia simu eti ikauke, jamani, tuuache jikoni: vumbi na chenga zake huingia kwenye matundu, na Apple wenyewe wanaukataza. Maji ya bahari ni mabaya zaidi, maana chumvi hula shaba haraka. Hapo usisubiri ikauke. Mpelekee fundi aifungue siku hiyohiyo.