TAMBI NA NYAMA KATIKA SUFURIA MOJA

Wengi wetu tunazijua tambi za sukari. Tunazila mwezi wa Ramadhani na sikukuu ya Idi. Lakini tambi zinaweza kupikwa pia pamoja na nyama, nyanya na mboga, zikawa chakula kamili cha jioni. Wala hazihitaji sufuria tatu. Sufuria moja inatosha, na jiko moja.

Jumamosi moja sisi wanakisomo wa Lizaboni, hapa Songea, tulikutana tukapika chakula hicho. Leo tunawaeleza tulivyofanya. Hatusemi watu waache ugali. Mkoa wetu wa Ruvuma unalima mahindi kwa wingi, na ugali ndio chakula chetu. Tunachotaka kusema ni juu ya nyama: tunainunuaje, tunaipikaje, na nani anaipata.

MCHUZI SIYO NYAMA

Utafiti wa afya uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu, kati ya kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, zaidi ya 30 wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni yule aliye mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Hata akili yake inaweza kuchelewa kukua. Sasa tujiulize: mkoa wenye mahindi mengi hivi, kwa nini watoto wake wadumae?

Sababu ni nyingi. Magonjwa yamo, na maji machafu yamo. Lakini sababu moja iko sahanini. Mtoto anashiba ugali, lakini hapati vyakula vya kujenga mwili, kama nyama, samaki, mayai, maziwa na maharage.

Nyumbani nyama ikipikwa, mara nyingi vipande vikubwa huenda kwa baba na wageni. Mtoto anapewa mchuzi. Tunasema, "Si amekula nyama?" Hapana, hakula nyama. Mchuzi una ladha ya nyama, lakini sehemu kubwa ya kile kinachojenga mwili na kuongeza damu imebaki ndani ya kipande chenyewe.

TULIVYONUNUA

Tulikwenda bucha tukanunua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa. Nusu kilo ni gramu 500. Tulisimama karibu na mizani tukasoma wenyewe. Tuliangalia pia muhuri wa mkaguzi kwenye nyama. Muhuri unaonyesha kwamba mnyama alikaguliwa. Nyama isiyokaguliwa inaweza kuleta tegu, au hata ugonjwa wa kimeta unaoua. Mnyama aliyejifia asiliwe, hata akiuzwa kwa bei rahisi.

Dukani tulinunua pakiti moja ya tambi ndefu. Hapo kusoma kulitusaidia tena. Pakiti iliandikwa 400 g, maana yake gramu 400. Tulitafuta pia herufi EXP. Tarehe inayofuata herufi hizo ndiyo mwisho wa matumizi. Kama imepita, rudisha pakiti.

Vitu vyote tulivyotumia ni hivi:

Nyama nusu kilo
Tambi pakiti 1 ya gramu 400
Nyanya 5 zilizoiva
Vitunguu maji 2
Karoti 2
Mchicha fungu 1
Kitunguu saumu na tangawizi kidogo
Mafuta ya alizeti vijiko vikubwa 3
Chumvi na ndimu 1

TULIVYOPIKA

1. Tulinawa mikono kwa sabuni. Tukakata nyama vipande vidogo vidogo, kila kimoja kama ncha ya kidole gumba. Kisu na ubao tuliviosha kabla ya kukatia mboga.

Babu mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni alituangalia, akasema, "Nyie wajukuu, mbona mnakata nyama kama ya kulishia paka?"

Tukamjibu, "Subiri kidogo, babu. Tutahesabu pamoja."

2. Tulitia nyama katika sufuria, na chumvi kidogo, kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, na vikombe 2 vya maji. Tukafunika. Nyama ilichemka karibu saa nzima mpaka ikalainika. Nyama ya ng'ombe mzee inataka muda zaidi. Maji yakikauka kabla haijaiva, ongeza mengine kidogo.

3. Maji yalipokauka, tulitia mafuta na vitunguu katika sufuria ile ile. Tukakaanga mpaka vitunguu vikawa rangi ya kahawia.

4. Tulitia nyanya na karoti zilizokatwa. Tukakoroga mpaka nyanya zikawa rojo.

5. Tulitia vikombe 5 vya maji ya moto. Kikombe chetu ni cha robo lita. Maji yalipochemka, tulivunja tambi vipande viwili tukazitia ndani. Hapa usiondoke jikoni. Koroga mara kwa mara, la sivyo tambi zitashika chini na kuungua. Baada ya dakika 10 au 12 zitakuwa zimeiva. Zikiwa bado ngumu na maji yamekwisha, ongeza maji ya moto kidogo kidogo.

6. Mwisho tulitia mchicha uliooshwa na kukatwa. Tukafunika kwa dakika 3, tukaepua, tukakamulia ndimu. Ndimu siyo ya ladha tu. Inausaidia mwili kupata madini ya kuongeza damu yaliyomo katika mboga.

HESABU YA BABU

Tulikuwa watu 6, watoto wakiwemo. Nyama tulikuwa tumeikata vipande 36. Basi, 36 gawanya kwa 6 ni vipande 6 kwa kila mtu. Tukamwuliza babu, "Nusu kilo kama hii, nyumbani mnakata vipande vingapi?"

Akajibu, "Nane."

Tukahesabu. Baba akila 3, mgeni 2 na mama 1, vinabaki 2. Watoto wakiwa 3, mmoja wao atakosa.

Babu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na yule anayekosa ni mdogo kuliko wote, maana hana nguvu ya kunyang'anya." Tukacheka, lakini ni kweli. Siku ile babu alikula vipande vyake 6 kama sisi wengine, wala hakulalamika.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kupewa chakula hiki pia, huku akiendelea kunyonya. Toa sehemu yake, kata nyama ndogo sana, uponde vizuri pamoja na tambi. Usimpe rojo tupu.

KAMA HATUNA NYAMA AU TAMBI

Nyama siyo ya kila siku. Tunalijua hilo. Unaweza kutumia maharage yaliyochemshwa, au dagaa wa Ziwa Nyasa. Ngano nyingi ya kutengenezea tambi inatoka nchi za nje, kwa hiyo bei inaweza kupanda. Tambi zikiwa ghali, pika wali kwa njia hiyo hiyo, au fanya rojo la nyama na mboga ule na ugali. Linalobaki ni lile lile: kata nyama ndogo, na kila mtu apate.

TAHADHARI YA JIKO

Kufunika sufuria kunapunguza mkaa au kuni. Lakini jiko la mkaa lisiwekwe katika chumba kilichofungwa, na usilale nalo ndani hata wakati wa baridi ya Juni na Julai. Hewa yake ina sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

MASWALI YA KUJADILI

1. Muhuri kwenye nyama unaonyesha nini?
2. Herufi EXP kwenye pakiti zina maana gani?
3. Nyumbani kwako mko wangapi? Vipande 36 mkigawana sawa, kila mtu atapata vingapi?
4. Andika bei ya kila kitu hapo kwenu, ujumlishe. Kisha gawanya kwa idadi ya watu. Kila mtu amekula chakula cha shilingi ngapi?
5. Juzi mlipopika nyama au samaki, mtoto wenu mdogo alipata nini?

Swali la tano mlijibu nyumbani, baba na mama pamoja.