Kuchagua Kipimo cha Kitakwimu katika Tathmini ya Elimu ya Afya: Somo kwa Watoa Huduma wa Maeneo ya Migodi

Utangulizi

Katika kata ya Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu mkoani Shinyanga, na katika ukanda wote wa dhahabu hadi Geita, elimu ya afya ina kazi kubwa. Vumbi la mawe yanayosagwa kwenye karasha hudhuru mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu. Mvuke wa zebaki inayochomwa ili kupata dhahabu hushambulia mfumo wa fahamu, na humfikia hata mtoto aliye tumboni. Maambukizi ya VVU nayo ni tishio la siku nyingi katika maeneo yenye watu wanaohamahama kwa kazi.

Programu ya elimu inapomalizika, swali la haki kwa mhudumu na kwa mwananchi ni moja: je, imesaidia? Jibu hutegemea takwimu, na takwimu hutegemea kipimo kilichochaguliwa. Kipimo kisichofaa huweza kuficha mafanikio ya kweli, au kuipamba programu isiyobadilisha kitu. Somo hili linaeleza hatua nne za kuchagua.

Hatua ya kwanza: kubainisha kinachopimwa

Kabla ya kufungua kompyuta, mtathmini aamue anapima nini: ujuzi, mtazamo, tabia au ugonjwa wenyewe. Mambo haya hayaendi pamoja sikuzote. Ushahidi mzuri unatoka ukanda huu huu. Mwaka 1998 ulianza utafiti wa MEMA kwa Vijana katika mkoa wa Mwanza, ambao wakati huo ulijumuisha Geita. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), AMREF na washirika wao kutoka London waligawa jamii 20 kwa bahati nasibu: jamii 10 zilipata elimu ya afya ya uzazi shuleni pamoja na huduma rafiki kwa vijana, na 10 zikawa za kulinganishia. Vijana 9,645 waliandikishwa na kufuatiliwa kwa miaka mitatu.

Ujuzi wa vijana uliongezeka na mitazamo yao ikawa bora. Hata hivyo, vipimo vya damu havikuonyesha kwamba maambukizi ya VVU wala ya virusi vya malengelenge ya sehemu za siri yalipungua. Uchunguzi uliorudiwa mwaka 2007 na 2008 kwa vijana 13,814 ulithibitisha hali hiyo. Laiti watafiti wangepima ujuzi peke yake, wangetangaza ushindi, na taifa lingeamini kwamba mafunzo ya darasani yanatosha kuzuia VVU.

Hatua ya pili: kutambua aina ya data

Majibu ya ndiyo au hapana, kama vile “anavaa barakoa” au “havai”, ni data ya makundi. Hapa tunahesabu watu na kulinganisha asilimia. Alama za mtihani, kwa mfano 14 kati ya 20, ni data ya namba. Tunalinganisha wastani, mradi alama zimetawanyika kwa ulinganifu kuuzunguka wastani huo. Ikiwa watu wachache wana alama za juu mno au za chini mno, au ikiwa majibu ni ya ngazi kama “sikubali kabisa” hadi “nakubali kabisa”, hutumika vipimo vinavyotazama mpangilio wa nafasi, si wastani.

Hatua ya tatu: kutazama uhusiano wa makundi

Je, ni watu wale wale waliopimwa kabla na baada ya elimu, au ni makundi mawili ya watu tofauti? Swali hili husahaulika mara nyingi. Kwa kuunganisha hatua ya pili na ya tatu, tunapata mwongozo ufuatao:

1. Asilimia, watu tofauti: kai-mraba, idadi ikiwa ndogo, kipimo cha Fisher.
2. Asilimia, watu wale wale kabla na baada: kipimo cha McNemar.
3. Wastani, watu tofauti: kipimo cha t cha makundi huru.
4. Wastani, watu wale wale: kipimo cha t cha jozi.
5. Alama zisizo na ulinganifu au majibu ya ngazi: Mann-Whitney kwa watu tofauti, Wilcoxon kwa watu wale wale.

Mfano wa kufundishia

Takwimu za mfano huu si za utafiti halisi. Tuchukulie wachimbaji wadogo 80 wa mwaloni wanaulizwa kama kuchoma zebaki ndani ya nyumba kunawadhuru watoto. Kabla ya elimu, 40 walijibu sahihi. Baada ya elimu, 50.

Mtathmini wa kwanza anatumia kai-mraba, kana kwamba hao ni watu 160 tofauti. Anapata 2.54, pungufu ya kiwango cha 3.84 kinachohitajika ili thamani ya p iwe chini ya 0.05. Anaandika kwamba elimu haikufaa.

Mtathmini wa pili anamfuatilia kila mchimbaji. Anaona 36 walikuwa sahihi mara zote mbili na 26 walikosea mara zote mbili. Hawa hawaonyeshi badiliko lolote. Waliotoka kwenye kosa hadi usahihi ni 14. Waliotoka kwenye usahihi hadi kosa ni 4. Kipimo cha McNemar hutumia hao waliobadilika tu: tofauti yao ni 10, kipeo chake cha pili ni 100, tukigawa kwa jumla yao, 18, tunapata 5.56. Hii inazidi 3.84. Data ni ile ile, lakini mtathmini wa kwanza angeifunga programu yenye manufaa.

Ili kuweza kufanya hesabu hii, kila dodoso lazima liwe na namba ya siri inayounganisha majibu ya kabla na ya baada. Namba hiyo ipangwe kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo.

Hatua ya nne: kuheshimu kitengo kilichogawiwa

Ikiwa elimu ilitolewa kwa kijiji kizima, watu wa kijiji hicho hufanana: wanasikiliza mwalimu mmoja na wanatumia karasha zile zile. Kuwahesabu kana kwamba kila mmoja anasimama peke yake huifanya thamani ya p ionekane ndogo kuliko ilivyo. Katika MEMA kwa Vijana, ulinganisho ulibebwa na jamii 20, si na vijana 9,645. Vivyo hivyo, kulinganisha kijiji kimoja kilichofundishwa na kimoja kisichofundishwa, hata kwa watu 500 kila upande, bado ni kulinganisha vijiji viwili tu.

Kuyasoma matokeo

Thamani ya p ndogo haisemi kwamba badiliko ni kubwa, wala haithibitishi kwamba elimu ndiyo iliyolileta. Huenda redio ilitangaza ujumbe ule ule katika miezi hiyo. Ndiyo sababu kundi la kulinganishia ni muhimu. Ripoti itaje pia ukubwa wa badiliko na mipaka yake. Katika mfano wetu, usahihi ulipanda kwa pointi 12.5 za asilimia, na kwa uhakika wa asilimia 95 ongezeko halisi liko kati ya takriban pointi 2.5 na 22.5.

Msomaji asiye mtaalamu anaweza kuuliza maswali matatu kila anapoletewa ripoti: Mlipima ujuzi, au mlipima afya? Mliwapima watu wale wale? Mlilinganisha na nani? Ana haki ya kujibiwa kwa lugha nyepesi.

Zoezi

Chagua kipimo kinachofaa:
(a) Wauguzi 25 wamepata alama za mtihani kabla na baada ya semina. Alama zimetawanyika kwa ulinganifu.
(b) Asilimia ya wagonjwa wa kifua kikuu waliomaliza dawa katika kundi lililopata ushauri wa ziada na kundi jingine lisiloupata; kila kundi lina wagonjwa 100.
(c) Majibu ya ngazi tano kutoka kwa wachimbaji wa duara mbili tofauti.

Majibu: (a) kipimo cha t cha jozi, (b) kai-mraba, (c) Mann-Whitney.