Diski ya Pili Inapogoma Baada ya Kupiga Windows Upya

Kwa nini diski ambayo haikuguswa igome kufunguka?

Windows inapowekwa upya, kinachofutwa ni sehemu ya C, mahali mfumo wenyewe unapokaa. Diski ya pili, ile inayotunza picha, kazi za ofisi na mafaili ya miaka mingi, hubaki na kila kilichokuwemo. Kinachopotea ni yale ambayo Windows ya zamani ilikuwa inayajua kuhusu diski hiyo: ilipewa herufi gani, mwenye mafaili ni nani, na ufunguo wake uko wapi. Taarifa hizo zilikaa C, nazo zimeondoka na C. Mara nyingi, basi, data ni nzima, ila mfumo mpya haumjui mwenye mali. Mtu asikimbilie kufomati.

Diski haionekani kabisa. Pa kuanzia ni wapi?

Kitufe cha Windows kibonyezwe pamoja na R, kisha iandikwe diskmgmt.msc. Dirisha litakalofunguka huonyesha kila diski inayotambuliwa na kompyuta, hata isiyo na herufi. Kama diski ipo pale ikiwa nzima lakini haina herufi, dawa ni nyepesi: ibofywe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ichaguliwe Change Drive Letter and Paths, ipewe herufi. Inafaa irudishiwe herufi ileile ya zamani, kwa sababu njia za mkato na programu nyingi bado zinaitafuta huko. Ikiwa kisomeo cha DVD kimejitwalia herufi hiyo, tuseme D, kihamishwe kwanza.

Diski iliyoandikwa Offline huamshwa kwa kuchagua Online. Hali hii huwapata sana waliohamisha mfumo kwa kunakili diski nzima: diski mbili zinakuwa na alama moja ya utambulisho, na Windows huizima mojawapo. Iliyoandikwa Foreign ni diski ya aina ya dynamic iliyoundwa na Windows nyingine. Huingizwa kwa Import Foreign Disks. Kuibadilisha iwe ya aina ya basic kwa programu hiyohiyo hufuta kila kilichomo, na hapo wengi wamelia.

Isipoonekana hata kwenye dirisha hilo, wala kwenye BIOS, tatizo si la Windows tena. Kompyuta izimwe, waya wa data na wa umeme uchomolewe na kuchomekwa upya, au ujaribiwe waya mwingine.

Inaonekana, lakini folda zinakataa kufunguka kwa madai kwamba mtumiaji hana ruhusa. Inakuwaje, na jina la akaunti ni lilelile?

Hapa ndipo penye utata mkubwa, na ndipo mafundi wengi wanapokata tamaa mapema. Diski za Windows kwa kawaida hutumia mpangilio wa NTFS, uliotoka mwaka 1993 pamoja na Windows NT 3.1. NTFS huandika kwenye kila faili na folda nani mmiliki na nani ana ruhusa, lakini haiandiki jina. Huandika namba ndefu inayoitwa SID, inayoanza na S-1-5-21, ambayo hutengenezwa upya kila Windows inapowekwa. Juma wa jana na Juma wa leo wanaweza kuwa na jina moja na nenosiri moja, ila kwa NTFS ni watu wawili tofauti. Ndiyo maana kwenye kichupo cha Security huonekana akaunti isiyojulikana yenye mlolongo wa tarakimu: huyo ndiye mmiliki wa zamani, na hayupo tena.

Kwa folda moja, kubofya Continue pale Windows inapouliza kwa kawaida hutosha, maana kunaiongeza akaunti mpya kwenye orodha ya wenye ruhusa. Folda zikiwa nyingi, Command Prompt ifunguliwe kwa mamlaka ya msimamizi, kisha ziandikwe amri mbili. Ya kwanza hutwaa umiliki:

takeown /f "D:\Picha" /r /d y

Ya pili hutoa ruhusa kamili, jina Juma likibadilishwa kuwa la akaunti husika:

icacls "D:\Picha" /grant Juma:(OI)(CI)F /t /c

Mpangilio huo ufuatwe, kwa kuwa kumiliki folda na kuruhusiwa kuisoma ni mambo mawili tofauti. Amri hizi zielekezwe kwenye folda zinazohitajika tu. Kamwe zisitumike kwa C nzima. Ruhusa za mafaili ya mfumo zikivurugwa, hata Windows mpya itayumba.

Kwenye Linux mambo huwa mepesi zaidi. Mmiliki huko ni namba fupi, na mtumiaji wa kwanza wa Ubuntu hupewa 1000 kila mara, kwa hiyo mafaili yaliyo kwenye ext4, mpangilio wa diski wa Linux, mara nyingi hufunguka bila swali.

Na diski inayodai ufunguo?

Hiyo imefungwa kwa BitLocker, zana ya Windows ya kusimba diski nzima. Kama zamani ilikuwa inajifungua yenyewe, ni kwa sababu ufunguo ulikuwa umehifadhiwa C. Sasa inahitaji nenosiri lake au ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Aliyekuwa akitumia akaunti ya Microsoft autafute kwenye akaunti hiyo. Wengine watafute karatasi au faili walilohifadhi. Kutwaa umiliki hakusaidii kitu hapa, wala hakuna fundi mwenye njia ya mkato. Mafaili yaliyofungwa moja moja kwa EFS nayo yana hukumu hiyohiyo: bila nakala ya cheti cha Windows ya zamani, yanaonekana kwa jina tu, yaliyomo hayasomeki.

Windows inasema diski lazima ifomatiwe kwanza. Ifomatiwe?

Hapana. Ujumbe huo, pamoja na neno RAW au ombi la Initialize, una maana kwamba Windows imeshindwa kusoma mpangilio wa diski. Wakati mwingine sababu ni ndogo: diski ilitoka kwenye Linux, na Windows haisomi ext4 yenyewe. Wakati mwingine jedwali la sehemu za diski liliharibika pale mtu alipofuta sehemu isiyo yake wakati wa kuweka mfumo. TestDisk, programu ya bure iliyoandikwa na Christophe Grenier, inaweza kulitafuta na kulirudisha jedwali hilo. Zana ya chkdsk isiwe ya kwanza kuguswa, kwani hurekebisha kwa kuandika juu ya diski ileile. Diski inayotoa mlio wa kugongagonga izimwe mara moja, ipelekwe kwa wataalamu wa kuokoa data.

Nini kifanyike kabla ya kupiga Windows siku nyingine?

Ufunguo wa BitLocker unakiliwe mahali pengine, cheti cha EFS kihamishwe kwenye flashi, kisha diski ya pili ichomolewe waya kabla ya kuwasha kompyuta kwa flashi ya Windows. Diski isiyounganishwa haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya.