Somo la Kuchora: Madoa Hai ya Mwembe

Katika shule nyingi somo la kuchora huwa ni kunakili: mwalimu huchora embe ubaoni, nao watoto huchora embe la mwalimu. Mtoto afundishwaye hivyo huzoea kutazama kwa macho ya mwingine. Somo lifuatalo lakusudia kumzoeza kutazama kwa macho yake mwenyewe, nalo halihitaji fedha.

Mwanachuo afundishaye Tabora hana haja ya kwenda mbali. Njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa kupitia Tabora, hujulikana kwa miembe yake mikongwe. Mwembe ni mgeni kutoka Asia ya Kusini, uliokwisha kuizoea nchi. Juu ya magome yake mara nyingi huwapo madoa ya kijivu ambayo wengi huyadhania kuwa ni uchafu. Hayo ni likeni, yaani kuvu na miani midogo mno iliyoungana kuishi pamoja. Kuvu hutoa makao. Miani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Wakati wa kiangazi likeni hukauka na kusimamisha shughuli zake bila kufa. Ipatapo maji huanza tena.

Vifaa: Magome au vijiti vilivyoanguka, karatasi, mkaa au penseli, majani mabichi ya kusugulia rangi, na maji.

Hatua za somo

1. Fanya jaribio peke yako kwanza, kwani si kila likeni hubadilika rangi waziwazi.

2. Kila mwanafunzi achore doa kavu kwa ukubwa wa karatasi nzima: kingo, mikunjo na nukta zake. Usichore chochote ubaoni.

3. Wadondoshe maji, wangoje dakika chache. Kijivu kitaelekea kijani, kwa sababu ngozi ya juu ikilowa hupitisha mwanga, na miani iliyo chini yake huonekana. Wachore mara ya pili.

4. Waweke picha mbili pamoja na kueleza kilichobadilika.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitengeneza picha kwa kupanda bakteria wa rangi mbalimbali. Picha haikuonekana mpaka walipokua. Siku hizi wapo wasanii wanaowaachia kuvu na bakteria wakamilishe kazi. Darasani tusioteshe bakteria, lakini tunaweza kujifunza kungoja na kutazama.

Tahadhari: Wanafunzi wasibandue magome ya mti ulio hai. Likeni hukua polepole sana, na doa la upana wa kiganja huenda likawa na umri kupita mwalimu.

Kusahihisha: Picha isiyo nadhifu inayoonyesha badiliko la kweli ipewe alama zaidi kuliko picha nzuri iliyonakiliwa kwa jirani.

Zoezi: Tayarisha somo la namna hii kwa kiumbe kingine kilicho karibu na chuo chako. Andika maswali matatu ambayo mwanafunzi hawezi kuyajibu mpaka atazame.