Kazi ya saa nane usiku haionekani

SWALI: Hesabu za chama chetu hapa Ziwani ziko kwenye seva ya kukodi, ya Ubuntu. Nimeipangia cron inakili data kila siku saa nane usiku. Asubuhi nakala haipo, na skrini haisemi lolote. Nitajuaje kilichotokea? – Mweka hazina

JIBU: Mweka hazina, andika hivi:

journalctl -u cron --since yesterday

Utaona amri iliitwa saa ngapi na kwa jina la nani. Usishangilie mapema. Cron huandika kwamba kazi imeanzishwa. Kama ilifaulu, hilo haiandiki. Ukikuta maneno "No MTA installed, discarding output", programu yako ilitoa ujumbe, pengine wa kosa, ila hapakuwa na mfumo wa barua pepe wa kuupokea, ukatupwa. Kwa hiyo, mwishoni mwa mstari wako kwenye crontab -e, ongeza:

>> $HOME/nakala.log 2>&1

Hiyo 2>&1 ndiyo inayonasa makosa. Usiku ukipita, soma kwa tail -n 50 ~/nakala.log. Ukikuta "not found", andika njia kamili ya programu, maana cron haisomi mipangilio yako ya kawaida.

Halafu kuna saa. Chapa timedatectl. Seva nyingi za kukodi hufuata UTC, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa 3. "0 2" yako, yaani saa nane usiku kwenye crontab, basi huamka huku saa kumi na moja alfajiri. Pengine uliichungulia bado imelala.