Mtoto Mwerevu Asiyeandika: Maana ya Upimaji wa Uwezo wa Akili

Katika madarasa mengi yuko mwanafunzi anayejibu maswali ya mdomo kuwapita wenzake, ilhali daftari lake limejaa maneno nusunusu. Nyumbani huitwa mvivu. Shuleni huambiwa hana bidii. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne hufanyika kwa maandishi, hivyo ayajuayo hubaki kichwani mwake.

Yamkini mtoto huyo ana akili nyingi na, papo hapo, ana ugumu wa kusoma na kuandika uitwao disleksia, au ugumu wa kutuliza umakini. Akili huuficha ugumu, nao ugumu huificha akili.

Upimaji wa uwezo wa akili husaidia kuyatenganisha mambo hayo. Mwaka 1905, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga nchini Ufaransa kipimo cha kuwabaini wanafunzi waliohitaji msaada. Vipimo vya leo, kikiwamo kilichoanzishwa na David Wechsler mwaka 1949, hupima mtoto mmoja mmoja katika maeneo kadhaa, yakiwamo uelewa wa lugha, kumbukumbu ya muda mfupi na kasi ya kutenda. Wastani ni 100, na takribani theluthi mbili ya watoto hupata kati ya 85 na 115.

Hapa ndipo penye funzo. Mtoto aliyepata 130 katika lugha na 75 katika kasi anaweza kuonekana wa kawaida kwa alama ya jumla. Kwa hiyo mzazi asiridhike na alama moja. Aulize alama za kila eneo. Pengo kati ya maeneo ndilo linalomwongoza mwalimu: kumwongezea mtoto muda, kumruhusu ajibu kwa mdomo, na wakati huohuo kumpa maswali mazito yanayolingana na akili yake.

Zipo tahadhari mbili. Kwanza, macho na masikio yapimwe kabla ya yote, kwa kuwa asiyeona ubao vizuri hudhaniwa mzito wa kuelewa. Pili, vipimo vingi vilisanifiwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani. Mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani akipimwa kwa Kiingereza, kinachopimwa kwanza ni lugha, si akili.

Mzazi mwenye mashaka aanzie kwa mwalimu wa darasa, akiwa na madaftari ya mtoto na maelezo ya makuzi yake: lini alianza kuzungumza, maradhi aliyougua, na mambo anayoyafanya vyema. Mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata watalifikisha suala hilo kwa Afisa Elimu Maalumu wa Halmashauri.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya kila mtoto kupata elimu. Kabla ya kumwadhibu mtoto kwa uvivu, ni vyema kwanza kuuliza kinachomzuia.