Machozi bandia: kichupa kipi, matone mangapi, na wakati gani hayafai

Ukifika duka la dawa ukasema macho yanachoma na unahisi kama yameingia mchanga, utapewa kichupa. Shida ni kwamba vichupa vya dawa ya macho vinafanana: vidogo, vyeupe, na maandishi yake ni madogo mno. Kimoja kina machozi bandia. Kingine kina antibayotiki. Kingine kina steroidi iliyochanganywa na antibayotiki, na kingine ni cha kuondoa wekundu tu. Mwenye macho makavu anahitaji hicho cha kwanza. Cha steroidi, akikitumia miezi kadhaa bila daktari kujua, kinaweza kumpofusha.

Kwanza tuelewane kuhusu ukavu wenyewe. Chozi si maji matupu. Juu kuna utando mwembamba wa mafuta yanayotoka kwenye vitezi vilivyojipanga ukingoni mwa kope, katikati kuna maji yenye chumvi na viini vya kupambana na vijidudu, na chini kuna ute unaoyafanya maji yashike juu ya jicho. Kila tunapopepesa, utando huo hutandazwa upya. Mafuta yakipungua, maji hukauka upesi. Tezi za machozi zikidhoofika, maji yenyewe hayatoshi. Jicho hapo huchoma, hukwaruza, na kuona kunaingia ukungu unaoondoka ukipepesa. Wapo ambao machozi huwatiririka mashavuni, hasa wakipigwa na upepo, wakashangaa kuambiwa kwamba macho yao ni makavu. Lakini ndivyo ilivyo: jicho lililokereka humwaga machozi mengi kwa mpigo, nayo hutoka bila kukaa na kulilinda.

Machozi bandia hayatibu chanzo cha ukavu. Yanafunika na kulainisha uso wa jicho ili lipate nafuu. Ndiyo maana anayetia tone siku jicho likichoma tu, kisha akaacha, husema dawa haifanyi kazi. Tia kwa ratiba, kila siku, kwa wiki kadhaa, ndipo uihukumu.

Kabla ya kulipa, soma viambato kwenye boksi. Machozi bandia huwa na vitu kama hipromelosi, kaboksimethiliselulosi au haialuroneti. Maandishi yatakuwa ya Kiingereza, ila ukiyatamka kwa sauti utayatambua. Ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi: irudishe kaunta na uulize kwa nini umepewa.

Nalisisitiza hili kwa sababu steroidi inadanganya. Siku mbili tatu jicho linatulia, wekundu unaisha, mtu anaisifu dawa na kumwazima jirani. Huku ndani presha ya jicho inaweza kuwa inapanda bila maumivu yoyote na kuharibu mshipa wa fahamu wa kuona, na mtoto wa jicho huweza kuanza mapema. Kama tatizo lilikuwa kidonda cha fangasi, mfano kwa mkulima aliyekwaruzwa na jani la muhindi, steroidi hukifanya kidonda kienee. Uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi, hata kwa upasuaji. Daktari wa macho huandika steroidi kwa sababu maalumu na kwa muda anaoufuatilia; si dawa ya kujinunulia. Matone ya kuondoa wekundu nayo hubana mishipa midogo ya damu, na nguvu yake ikiisha wekundu hurudi, pengine kuliko mwanzo.

Sasa namna ya kutia, maana hapa ndipo dawa nyingi hupotelea shavuni. Nawa mikono kwa sabuni. Kaa, au lala chali kama shingo inasumbua. Inua uso, kisha vuta kope ya chini kwa kidole cha shahada mpaka pafanyike kijifuko. Shika kichupa juu yake, ncha isiguse jicho, kope wala kidole. Tazama juu, minya tone moja. Fumba jicho taratibu kwa dakika moja hivi. Usikaze, wala usipepese haraka haraka, kwa sababu utalisukuma tone litoke. Tone moja linatosha. Kijifuko hicho hakina nafasi hata ya kulihifadhi lote, kwa hiyo la pili ni hasara tu. Mzee ambaye mkono unamtetemeka aegemeze mkono wenye kichupa kwenye paji la uso, au juu ya ule unaovuta kope. Mtoto, au mtu mzima mwenye woga, alale chali na kufumba macho. Mtilie tone kwenye kona iliyo karibu na pua, kisha mwambie afumbue. Litaingia lenyewe.

Kama unatumia dawa nyingine ya macho, acha zipite angalau dakika 5 kati ya moja na nyingine, na ya mafuta mazito iwe ya mwisho. Mafuta hayo yanafaa usiku, kwa kuwa hutia ukungu. Kwa yule ambaye uso umepooza upande mmoja na jicho halifumbi akilala, ni ya lazima. Anayevaa lenzi za machoni azivue kwanza na kusubiri dakika 15 kabla ya kuzirudisha, isipokuwa kama kichupa kimeandikwa kwamba kinafaa juu ya lenzi. Waislamu huuliza kuhusu Ramadhani: wanazuoni wa madhehebu ya Kishafii, yanayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, wanasema matone ya jicho hayabatilishi saumu. Usiache dawa mwezi mzima.

Wengi huanza na mara 3 au 4 kwa siku. Ukihitaji zaidi ya hapo, omba yasiyo na kihifadhi. Vichupa vingi vya kawaida vina benzalkoniamu kloraidi, kemikali ya kuzuia vijidudu ndani ya kichupa, ambayo ikitiwa mara nyingi hulikera jicho lile lile unalolitibu. Yasiyo na kihifadhi hugharimu zaidi na mara nyingi huja katika vijichupa vya matumizi ya mara moja. Usimalizie kesho kilichobaki leo.

Usafi wa kichupa si jambo dogo. Mwaka 2023 nchini Marekani, machozi bandia yasiyo na kihifadhi yaliyotengenezwa India yalihusishwa na bakteria sugu: watu 81 katika majimbo 18 waliugua, 14 kati yao wakapoteza uwezo wa kuona, 4 wakaondolewa jicho, na 4 wakafariki. Hapo kosa halikuwa la watumiaji, lakini tukio hilo linaonyesha kijidudu kinaweza kufanya nini kikiingizwa moja kwa moja jichoni. Nunua kwenye duka lenye kibali, hakikisha muhuri haujafunguliwa, na siku ya kufungua andika tarehe ubavuni mwa kichupa. Vingi hutupwa baada ya siku 28, hata kama dawa imebaki nusu. Fuata kikaratasi kilichomo. Mume na mke wasichangie kichupa. Na maji ya chumvi ya kuchanganya jikoni, maziwa ya mama na asali visitiwe jichoni.

Tone peke yake haliwezi kushindana na mazingira. Tukikodolea simu au kompyuta tunapepesa mara chache mno, kwa hiyo kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 kutoka ulipo kwa sekunde 20, huku ukipepesa kikamilifu. Feni isikupige usoni usiku kucha. Dereva wa bodaboda ashushe kioo cha helmeti au avae miwani. Wanja ukingoni mwa ndani wa kope huziba vile vitezi vya mafuta, na baadhi ya wanja wa kienyeji una madini ya risasi. Dawa za mzio kama klorofeniramini, na baadhi ya dawa za sonona, hukausha macho. Usiziache kienyeji, mweleze aliyekuandikia. Kinywa nacho kikiwa kikavu na viungo vinauma, mwambie daktari yote kwa pamoja.

Si kila jicho linalosumbua ni kavu. Macho yanayowasha zaidi ya kuchoma, hasa kwa watoto, mara nyingi ni mzio. Mtoto asiyeona vizuri giza likiingia huenda amepungukiwa vitamini A. Apelekwe kituo cha afya leo. Mwenye ugonjwa wa vikope ambaye kope zimegeuka ndani na kukwaruza jicho anahitaji upasuaji mdogo. Jicho likiingia kemikali, lioshe kwa maji safi mengi yanayotiririka, angalau dakika 15, kisha kimbilia hospitali. Na ukiona doa jeupe kwenye jicho jeusi, uoni umeshuka ghafla, mwanga unaumiza au maumivu ni makali, weka kichupa chini uende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.